Moyo wa Kitanda cha Saba

Nisipoanza na kosa langu nitaanza kujisifu, na mimi nikianza kujisifu hakuna wa kuninyamazisha. Kwa hiyo nalisema mapema: nusura nimtoe ICU mtoto wa miaka sita aliyekuwa anaugua chini kwa chini, nimpeleke wodini huku natabasamu na mama yake ananishukuru. Mtoto anaitwa Fiona. Yu hai, na juzi amenichora nina pua kubwa kuliko uso. Ila ili apone ilibidi nimeze maneno yangu mbele ya kijana wa Kikamba, na maneno hayo yalikuwa machungu kuliko kwinini.

Mimi ni Kerubo, muuguzi, mzaliwa wa Nyamira, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Doha. Naishi Najma, ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa kushona abaya. Kazi yangu naipenda. Wenzangu wengi tunaosali nao kanisani Ijumaa, maana hapa ndiyo siku ya mapumziko, husema wako hapa kutafuta tu. Mimi nilitafuta nikapata. Basi la hospitali likitushusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaanza ukali wake, huwa naingia mlangoni kama mtu anayeingia kwake.

ICU yetu ya watoto ina vitanda vinane. Cha pili ndicho kilicho karibu na meza ya wauguzi, na cha saba kiko mbali, dirishani. Nilikofunzwa kazi, katika hospitali ya wilaya yenye mtungi mmoja wa oksijeni na watoto thelathini, tulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: mtoto aliye taabani kuliko wote hulala karibu na meza. Hatukuwa na kengele wala skrini, tulikuwa na macho. Ukiinua kichwa tu, unamwona. Sheria hiyo nilikuja nayo Doha kama wengine wanavyokuja na unga wa wimbi ndani ya sanduku, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenikataza.

Mwaka jana ukaja ule utafiti. Daktari Haifa, Mjordani, mkuu wa zamu yetu, alitukusanya akatuambia kwamba kompyuta moja mpya itakuwa ikisikiliza mioyo ya watoto wote wanane mchana na usiku, ijifunze kutabiri nani anaelekea kubaya kabla macho hayajaona. Kwa sasa inajifunza tu, alisema, matibabu yataendelea kama kawaida. Mwenye kompyuta alikuwa Kioko, kijana wa Machakos mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Walimpa chumba kidogo nyuma ya kioo. Vitandani hakuruhusiwa kufika, kwa hiyo watoto aliwajua kwa majina na mistari, si kwa sura.

"Sista, watu hudhani moyo mzima unapiga kama saa," alinieleza siku ya kwanza, kwa adabu zake zote. "Sivyo. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unachelewa kidogo. Kila pigo na nafasi yake. Mwili ukilemewa, hayo mabadiliko yanapotea. Moyo unaanza kwenda sawasawa."

"Kwa hiyo moyo ukitulia ni vibaya?"

"Ukitulia sana, ndio. Kompyuta inaupa alama, sifuri mpaka mia. Ikishuka chini ya thelathini, rangi inakuwa nyekundu."

"Na mimi miaka ishirini nawaambia akina mama, usijali, moyo wa mtoto umetulia kama saa."

"Basi tafuta maneno mengine, sista."

Nilimchukia kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai. Baadaye, nikiwa naoga, nikayaona maneno yake vizuri. Mtu mwenye afya akienda sokoni humsalimia huyu, humsubiri yule, huchelewa kwa muuza nyanya akakimbilia mchicha. Ukimwona anapita moja kwa moja, hamjibu mtu, jua ana shida. Nilikubali moyoni kwamba kijana ana akili, lakini sikumwambia.

Lililonikera zaidi ni karatasi. Kompyuta yake haikuwajua watoto, ilivijua vitanda. Jina la mtoto aliliandika Kioko kwa mkono wake mbele ya namba ya kitanda, basi akabandika karatasi ukutani juu ya simu: *Ukihamisha mtoto kitanda, tafadhali nipigie. Kioko.* Niliisoma. Nikasema, watoto wangu niwahamishe kwa ruhusa ya mtu anayekaa nyuma ya kioo? Michelle, muuguzi mwenzangu mdogo kutoka Kitale, alicheka, nami nikaona nimesema jambo la maana.

Jumatano hiyo tulikuwa na Fiona kitanda cha pili. Alikuwa amepasuliwa kidole tumbo kilichopasukia ndani, akalala siku tatu kwenye mashine ya kupumulia, na sasa alikuwa amekaa akitafuna biskuti na kuuliza kwa nini samaki hawakohoi. Mama yake, Roselyne, ni mwalimu wa chekechea kule Al Sadd. Baba, Philipo, ni mpishi wa hoteli kule Pearl, hufika jioni akinukia vitunguu. Nawafahamu kutoka ibada ya Ijumaa. Kitanda cha saba alikuwa Muntasir, mtoto wa Kisudani wa miaka mitano, mapafu yamejaa nimonia, mashine inampumulia, na asubuhi hiyo hali yake haikunipendeza hata kidogo.

Sheria ni sheria. Saa nne nikamwambia Michelle ashike upande wa pili, tukabadilisha: Muntasir akaja karibu na meza, Fiona akaenda dirishani akaangalie magari. Nikaandika kwenye faili kuu kama inavyotakiwa. Michelle akatazama ile karatasi ukutani.

"Tumpigie Kioko?"

"Kioko apige mistari yake," nikasema, "mimi napiga kazi."

Michelle ni mtoto mwenye heshima, hakurudia.

Alhamisi nilipoingia zamu, kila mtu alikuwa na furaha. Muntasir alikuwa ametolewa mpira kooni alfajiri na anapumua mwenyewe. Mama yake alinishika mikono miwili akisema *alhamdulillah* mpaka nikaishiwa na majibu. Fiona naye alikuwa amepangiwa kuhamia wodini saa tano. Roselyne alishafunga mkoba, amesuka nywele za mwanawe upya, na alishatangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ibada kwamba Mungu ni mkuu na chakula kiletwe wodini, si ICU. Fiona mwenyewe alikuwa kimya kidogo.

"Amechoka na furaha," Roselyne aliniambia.

Nikatazama skrini. Mapigo mia moja na nane, sawasawa. Presha nzuri. Homa hana, ila alikuwa amepewa paracetamol alfajiri. Nikamwambia Roselyne auweke moyo mahali pake, mtoto amepona. Wodini muuguzi mmoja huangalia watoto wanane, na hakuna nyaya za kifuani. Hilo sikulitaja, maana kwa mtoto aliyepona halina neno.

Kioko akanijia mlangoni, mikono nyuma.

"Sista, huyo Muntasir vipi?"

"Muntasir ameomba juisi. *Asir, asir*, tangu asubuhi. Kwa nini?"

"Alama yake imekuwa ikishuka tangu jana jioni. Sasa ni kumi na tisa."

Nilicheka. Nakubali nilicheka kwa sauti, na nikamwita Michelle aje asikie. Mtoto jana alikuwa mahututi, leo anadai juisi, na mashine ya Kioko inamchimbia kaburi. "Na Fiona je?" nikamwuliza.

"Fiona yuko sawa kabisa. Sitini na nne, na inapanda."

"Angalau hapo imebahatisha. Hiyo kitu yako imelewa, Kioko. Ipeleke ikalale."

Alikuwa na uso wa mtu aliyepika kwa siku nzima wageni wakakataa kula, nami badala ya kumhurumia nikaenda zangu kumwosha Muntasir.

Ilikuwa saa tano kasoro robo. Nilijaza maji ya vuguvugu, nikamvua, nikabandua vile vibandiko vyote vya kifuani ili niweke vipya, nikazima kengele. Mtoto akacheka povu lilipomgusa kwapani. Hapo Kioko akagonga kioo. Nilimpa ishara ya kumfukuza, akagonga tena, mwisho akaja kusimama pale pale mlangoni, mwisho wa ruhusa yake.

"Samahani sista. Fiona ameshatoka? Naona mstari wake umekatika."

"Fiona yuko kitandani, anamsubiri Wesley wa kusukuma kitanda. Aliyekatika ni Muntasir. Mimi ndiye nimemtoa nyaya, namwosha."

"Hapana. Muntasir anasoma vizuri."

"Kioko, mtoto yuko mbele yangu, uchi, na povu mpaka masikioni. Hana waya hata mmoja."

"Muntasir anasoma, sista. Mia moja na nane. Alama kumi na sita."

Mia moja na nane. Namba hiyo nilikuwa nimeisoma asubuhi, na sikuisoma kwa Muntasir. Mkono wangu ukabaki na kitambaa hewani. Nikaona ile karatasi ukutani, nikaona mimi na Michelle tukisukuma vitanda jana saa nne, na nikaelewa vyote kwa mara moja. Moyo wa kitanda cha saba haukuwa wa Muntasir tangu jana. Ulikuwa wa Fiona. Sitini na nne ile iliyokuwa inapanda ilikuwa ya huyu anayecheka na povu, na aliyekuwa anashuka usiku kucha ni mtoto niliyemwambia mama yake kwamba amepona.

"Niliwabadilisha," nikasema. "Jana. Sikukupigia."

Nikamwachia Michelle mtoto na povu lake, nikaenda.

Wesley, Mganda mpole ambaye husukuma wagonjwa kana kwamba wamebeba mayai, alikuwa ameshaweka mashine ndogo ya safari kwenye godoro na mguu wake uko kwenye breki. Roselyne alikuwa amebeba mkoba begani. Alinitolea tabasamu, akadhani nimekuja kuwaaga.

"Wesley, acha kwanza."

"Nyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "wodi wanatungoja. Tunaenda ama tunabaki?"

"Tunabaki."

Nilifunua shuka. Nikashika mguu wa Fiona, ulikuwa baridi mpaka juu ya kifundo. Nikabonyeza kidole gumba mpaka kikawa cheupe, nikaachia, nikahesabu. Kwa mtoto mwenye afya rangi hurudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Nilifika tano. Nikamwuliza Fiona kwa nini samaki hawakohoi, akanitazama tu akafumba macho. Mtoto huyo tangu aanze kuzungumza hakuwahi kukosa jibu. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Dalili zote zilikuwa pale tangu asubuhi, mimi nikasoma skrini na furaha ya mama yake, nikaacha kusoma mtoto.

"Kuna nini?" Roselyne akauliza. "Sista Kerubo, si ulisema amepona?"

"Nilisema. Nilikosea. Ngoja nimwite daktari."

Daktari Haifa alikuja haraka lakini hakuja na furaha, kwa sababu kitanda hicho kilishaahidiwa mtoto mwingine kutoka upasuaji. Alitazama skrini: kila kitu kizuri. Kisha akamwona Kioko amesimama mlangoni na karatasi yake ya mistari, akakunja uso.

"Sista, tulikubaliana. Namba za utafiti hazitumiki kuamua chochote. Bado hatujui kama zinasema kweli."

Hapo ningeweza kusema ni miguu tu. Miguu ingetosha, na ningeonekana muuguzi hodari mwenye jicho kali, na habari ya kubadilisha vitanda ingezikwa kati yangu na Kioko, ambaye najua asingesema. Ulimi wangu ulishaanza kujipanga kwa njia hiyo. Lakini mficha ugonjwa kifo humuumbua, na huu haukuwa hata ugonjwa wangu. Daktari akiamini Fiona alikuwa sitini na nne usiku kucha, ataona miguu baridi ni kiyoyozi na kumwachia saa mbili za kutazamia.

"Nakuita kwa sababu ya miguu," nikasema. "Na pia kwa sababu ya namba. Jana niliwabadilisha kitanda bila kumjulisha Kioko, majina yakabaki nyuma. Nyekundu inayosomeka kwa jina la Muntasir ni ya huyu. Ameshuka tangu jana jioni. Kosa ni langu, si la kompyuta."

Nilisema kwa Kiingereza ili aelewe, na Roselyne akaelewa pia. Sikumtazama.

Daktari Haifa hakupoteza muda kunigombeza. Alibonyeza kidole mwenyewe, akahesabu, akainamia tumbo la mtoto akabonyeza taratibu upande wa kulia chini, na Fiona akalia kilio chembamba. Basi mambo yakaenda. Damu ikachukuliwa, dripu ikafunguliwa, antibiotiki kali ikaingia kabla ya adhuhuri. Wesley, bila kuambiwa, alikisukuma kitanda mpaka karibu na meza, na Michelle akamhamishia Muntasir dirishani. Mara hii Michelle ndiye aliyempigia Kioko.

Mashine ya ultrasaundi ilionyesha jipu lililojificha nyuma ya utumbo, usaha uliobaki baada ya upasuaji. Saa nane mchana homa ikapanda ghafla na presha ikaporomoka, lakini ilitukuta sote tumesimama, dawa ziko mwilini na daktari wa upasuaji yuko njiani. Wodini, saa nane ni wakati wa wageni na chakula cha kikundi cha ibada. Usaha ukatolewa jioni hiyo. Kabla sijatoka zamu niliketi na ile fomu ya kueleza kosa, nikaijaza mbele na nyuma. Kioko akaja akasema aandikwe naye, kwa sababu mfumo unaotegemea watu kukumbuka kupiga simu ni mfumo mbovu.

"Toka hapa," nikamwambia. "Hili ni langu, tafuta lako."

Akaketi hata hivyo. Alikuwa amenunua karak vikombe viwili, chai ile nzito ya maziwa na iliki, akanisogezea kimoja. Nikamwambia kompyuta yake haikulewa. Akasema anajua. Wiki hiyo alibuni kibandiko chenye jina kinachosomwa na kompyuta, ambacho hufungwa kwenye waya wa mtoto mwenyewe, popote anapohamia, na mimi ndiye ninayewakemea wauguzi wanaosahau kukifunga. Michelle huniangalia kwa pembe ya jicho nikikemea.

Roselyne hakunisemesha siku mbili. Alinijibu "ndiyo" na "hapana", na Philipo alipoleta chakula cha hotelini akawagawia wote zamuni, mimi nikapewa kwa mkono wa Michelle. Sikumlaumu. Niliogopa Ijumaa ya wiki ijayo ifike tukae kanisa moja. Nilishazoea kupendwa na akina mama, na nikagundua ni uzito gani mtu anabeba akiwa hapendwi na mmoja tu.

Siku ya tatu asubuhi Fiona aliamka akiuliza kama moyo wa samaki nao unapiga. Alama yake ilikuwa arobaini na saba. Nikamweleza Roselyne maana yake bila kutia chumvi: inapanda, si nzuri sana bado, na haijulikani kesho. Alisikiliza yote. Kisha akaniuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa nalo kifuani tangu Alhamisi.

"Ungenyamaza ningejua?"

"Usingejua."

"Daktari je?"

"Naye asingejua. Kioko asingesema."

Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Alimfunika Fiona miguu, akaishika kupitia shuka, akahakikisha ina joto. Macho yake yalikuwa mekundu na nguo yake ina mikunjo ya kiti. Tangu mtoto alazwe, siku tisa, mama huyu hakuwa amelala nyumbani hata mara moja. Wauguzi wote walishamsihi, mchungaji alimsihi, Philipo alimsihi mpaka wakagombana. Wote aliwajibu kwamba hamwachi mwanawe kwa mtu.

"Leo zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Na hutoki katikati?"

"Sitoki."

Alisimama akatafuta viatu vyake chini ya kiti, akavivaa polepole, akachukua mkoba.

"Basi naenda nyumbani nilale mpaka hiyo saa moja," Roselyne akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.